Mmulikeni Mtoto Macho Kabla ya Kumtia Wanja

*Sehemu ya 1 kati ya 9*

Mama zangu, wifi zangu, na nyinyi kina baba mnaosoma kimyakimya bila kutia neno. Leo sina maneno matamu. Leo nina ugomvi, na nagombana na sote: sisi wauguzi, wakubwa wanaopanga bajeti, bibi zetu, kina baba, na wewe mama uliyeshika simu hapo.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mtoto akizaliwa hapa Unguja tunampima uzito. Tunamchanja begani. Tunampa matone ya polio. Tunatizama kitovu. Tunamuuliza mama kama mtoto ananyonya, kama kakojoa, kama kapata choo. Yote sawa, wala sina neno nayo.

Lakini niambie wewe, uwe Mlandege, Kikwajuni, Jang'ombe au Nungwi: yupo mtu aliyewahi kushika taa ndogo akammulika mwanao ndani ya mboni, jicho la kulia kisha la kushoto, akatizama mwanga unaorudi una rangi gani?

Mama wengi ninaowauliza hunijibu hapana. Wengine hunicheka: "Macho ya kichanga yana nini jamani, si kulala tu?"

Yana mengi. Na kipimo ninachokisema hakifiki hata dakika mbili. Hakina sindano, hakitoi damu, hakina mionzi, na mtoto anaweza kuwa mapajani kwako muda wote. Ni mwanga tu. Unaingia, unarudi, anayejua kuutizama anapata habari.

Nitaandika sehemu 9. Kama una mtoto chini ya miaka 5, au una mimba, au una wifi mwenye mimba, usizirushe. Na usiniambie baadae hukuambiwa.

*Sehemu ya 2 kati ya 9*

Hebu tuanze na jicho lenyewe, maana wengi tunaliona kila siku na hatulijui.

Ile mboni nyeusi katikati ya jicho si rangi. Ni tundu. Inaonekana nyeusi kwa sababu ndani mna kiza, kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe ukiutizama saa sita za mchana kutoka nje. Nyuma ya tundu hilo ipo lenzi, safi kama kioo. Nyuma kabisa upo ukuta laini unaopokea picha na kuzipeleka kwenye ubongo. Ukuta huo unaitwa retina, na nyuma yake pana mishipa mingi ya damu.

Sasa ukimmulika mtu kwa taa iliyonyooka na jicho lako, mwanga unapita kwenye tundu, unapita kwenye lenzi, unafika ukutani, unarudi na rangi ya kule ulikotoka. Ndo maana kwenye picha za usiku watu hutoka na macho mekundu. Si shetani. Ni damu ya nyuma ya jicho inayoonekana kwa mbele.

Kwa wazungu rangi huwa nyekundu ya kuwaka. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi huwa imepoa kidogo: ya machungwa, ya dhahabu, au hudhurungi. Hapana ubaya. Tunachotafuta ni kwamba njia iwe wazi na macho mawili yafanane. Jicho moja likirudisha mwanga wa dhahabu na jengine likarudisha mweupe, au kijivu, au likabaki na doa jeusi, basi kuna kitu kimekaa njiani. Hapo hatungoji.

Na msije mkaniambia haya ni mambo mapya ya kizungu yanayongoja wataalamu. Taa ya kuchungulia ndani ya jicho aliitangaza Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Mwaka huo Seyyid Said bado yu hai anatawala hapa Unguja! Kabla ya hapo madaktari kwa kawaida hawakuwa na njia ya kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Tangu hapo inawezekana. Zaidi ya miaka 170, mama zangu, na mwanao bado hajamulikwa.

*Sehemu ya 3 kati ya 9*

Mwanga huo unatafuta nini? Mengi, lakini nitataja mawili makubwa.

La kwanza ni mtoto wa jicho. Najua ukisikia "mtoto wa jicho" unamfikiria babu aliyekaa barazani. Kumbe wapo watoto wanaozaliwa nao. Lenzi inakuwa na ukungu tangu tumboni.

Babu akichelewa mwaka mmoja, bado akifanyiwa upasuaji ataona, kwa sababu ubongo wake ulishajifunza kuona miaka 60 iliyopita. Mtoto mchanga hajajifunza. Ubongo wake unajifunza kuona wiki hizi hizi za mwanzo, na jicho lisiloleta picha, ubongo unalipuuza. Ndo maana madaktari wa macho hutaka mtoto mwenye ukungu mzito apasuliwe mapema sana, ndani ya miezi 2 au karibu na hapo. Ukimleta ana miaka 3, tunaweza kuisafisha njia, lakini ubongo umeshazoea kutolisikiliza jicho lile. Jicho zima, haoni. Hapo mama analia na sisi tunalia.

La pili ni saratani. Naam, saratani, kwa mtoto anayenyonya. Inaitwa retinoblastoma. Inaota kwenye retina, karibu daima kabla ya miaka 5. Humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Mwanzo haiumi. Mtoto anacheza, ananenepa, anacheka. Dalili inayotangulia kwa wengi ni ule weupe ndani ya mboni ukipigwa na mwanga. Nyengine ni makengeza yaliyokuja bila sababu.

Na hapa kuna jambo nataka mlishike. Saratani nyingi, daktari hukata kipande cha nyama akakipeleka maabara kabla ya kuamua. Hii ya jicho hapana. Kuchoma sindano kwenye jicho lile kunaweza kuisambaza nje. Kwa hivyo daktari huitambua kwa kuitizama: mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, jicho likamulikwa na kupigwa picha za ndani, pamoja na vipimo vya sauti au sumaku. Macho ya daktari na mwanga, ndo maabara yenyewe.

Sasa ugonjwa unaotambulika kwa kumulika, utakosaje kuonekana? Jibu: kwa kutomulika.

*Sehemu ya 4 kati ya 9*

Wapo wanaosema, "Lakini bibi nesi, huo ugonjwa ni nadra. Una haja gani ya kututia khofu?"

Nitajibu kwa hesabu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa dunia nzima juu ya watoto waliogunduliwa saratani hii mwaka 2017. Watoto 4,351, nchi 153. Si uvumi wa barazani, ni daftari la dunia.

Nchi tajiri, umri wa kati wa kugunduliwa ulikuwa miezi 14. Nchi za kipato cha chini, ambamo Tanzania ilikuwa ikihesabiwa wakati ule, ulikuwa miezi 30 na nusu. Tofauti ya mwaka mmoja na zaidi! Mwaka mzima mtoto anabebwa, anaogeshwa, anapelekwa harusini na maulidini, na weupe upo jichoni.

Na mwaka huo unafanya nini? Nchi tajiri, watoto ambao saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho walipogunduliwa hawakufika 2 katika 100. Nchi za kipato cha chini walikuwa 49 katika 100. Karibu nusu.

Saratani ikiwa bado ndani ya jicho, watoto karibu wote wanapona. Ikishatoka ikaelekea kwenye ubongo, hadithi ni nyengine, na siipendi kuisimulia.

Kwa hivyo mtu akikwambia "ni nadra," mjibu hivi: mtoto wa Uingereza na mtoto wa Mlandege wanapata ugonjwa ule ule. Hauchagui pasipoti. Kinachotofautiana ni siku ya kuonekana. Huyu kaonekana mapema kwa sababu kuna mtu alilazimishwa na utaratibu wa nchi yake kummulika. Huko Uingereza kila mtoto hutizamwa macho ndani ya saa 72 za kuzaliwa, kisha tena kati ya wiki ya 6 na ya 8. Hangojwi mama aone kitu.

Huku kwetu tunangoja mama aone. Mama akiona, tunamwambia kachelewa. Jamani, hiyo haki iko wapi?

*Sehemu ya 5 kati ya 9*

Sasa nakuja nyumbani. Msinichukie.

Mtoto ana weupe kwenye mboni. Nani anaambiwa kwanza? Bibi. Bibi anasema, "Hilo jicho la paka, hata ami yake alikuwa nalo, litaondoka." Jirani anasema katiwa jicho, mtoto mzuri mno, nani aliyemsifu bila kusema mashaallah? Shangazi aliye Maskati anatuma matone kwa mtu anayekuja na ndege. Mwengine anashauri maziwa ya mama. Mwengine anasema umpake wanja, tena umchore na doa kwenye paji la uso.

Nakwambia moja moja.

Maziwa ya mama ni chakula bora duniani, mahali pake ni mdomoni. Jichoni yanaweza kupeleka vijidudu.

Wanja, baadhi yake umekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Na hata ukiwa safi, unapaka kope. Ugonjwa uko nyuma ya lenzi. Ni kama mtu ana moto jikoni, wewe unapaka rangi mlango wa mbele.

Matone ya Maskati, ya Dubai, ya London, yote ni maji mbele ya ugonjwa huu. Hapana tone linaloyeyusha ukungu wa lenzi wala uvimbe wa retina. Hapana. Anayekuuzia anakula pesa yako, na kibaya zaidi anakula wiki zako.

Husda? Mimi ni Muislamu kama wewe, siikanushi. Msomee mwanao. Dua na tiba hazijapata kugombana hata siku moja. Wanaogombana ni wale wanaotumia dua kuwa sababu ya kutokwenda hospitali. Msomee ukiwa kwenye daladala, mko njiani.

Na hilo la "ami yake alikuwa nalo" ndilo linalonitisha kuliko yote. Takriban watoto 4 katika 10 wenye saratani hii wanayo kwenye mbegu ya mwili, na inaweza kurithiwa. Ukiambiwa kwenye ukoo yupo aliyepoteza jicho utotoni, hiyo si habari ya kukutuliza. Hiyo ni sababu ya kwenda leo, wewe na ndugu zake mtoto wote.

*Sehemu ya 6 kati ya 9*

Sehemu hii ni ya simu, na hapa nyote mna kifaa mkononi.

Kila karibu na Idd, Mlandege na Darajani hapapitiki. Tunawanunulia watoto nguo, viatu, miwani ya plastiki. Usiku wa sikukuu tunawapeleka Kariakoo kwenye pembea, tunawapiga picha kwa flashi, tunaweka stetasi. Picha 40 kwa usiku mmoja! Hapana kizazi cha watoto wa Unguja kilichopigwa picha kama hiki.

Na kila flashi inayompiga mtoto usoni ni mwanga ule ule niliowaeleza. Unaingia na unarudi.

Marekani yupo mwanakemia, Bryan Shaw, ambaye mwanawe aligunduliwa saratani hii mwaka 2008. Baada ya hapo alirudi kwenye picha za familia akakuta weupe ulikuwa ukionekana tangu mtoto ana siku 12. Yeye na wenzake wakatengeneza programu ya simu, CRADLE, ya kutafuta mboni nyeupe kwenye picha. Mwaka 2019 wakachapisha matokeo: kati ya watoto 20 waliokuwa na ugonjwa wa macho, 16 picha zao zilionyesha weupe kabla ya daktari kuugundua, kwa wastani wa mwaka 1 na miezi kama 4 kabla.

Mwaka mzima ushahidi uko kwenye simu ya mama.

Kwa hivyo, tafadhali: ukiona picha jicho moja lina rangi ya kawaida na jengine lina weupe kama lulu, usiifute. Usiipake filta. Usiseme kamera mbovu. Iweke, na umpige nyengine, anatizama kamera moja kwa moja, chumba kina kiza kidogo, umezima kile kitufe cha kuondoa macho mekundu.

Nasema na hili ili usife kwa presha: picha moja haitoshi kumhukumu mtoto. Mtoto akitizama pembeni kidogo, mwanga unaweza kupiga pale mshipa wa jicho unapoingilia ukarudi mweupe, na jicho lake zima kabisa. Lakini weupe ukirudia, hata mara mbili, jicho lile lile, nenda. Na picha ikiwa safi, isikufanye ukaacha kwenda kumulikwa. Simu si nesi.

*Sehemu ya 7 kati ya 9*

Sasa zamu yetu sisi wa sekta ya afya. Nao wakubwa wakisoma, wasome.

Miaka hii tumejengewa. Hospitali mpya za wilaya, Lumumba hospitali ya mkoa, mashine za picha ambazo zamani mgonjwa alivuka bahari kuzifuata. Nasema ahsante, tena kwa moyo. Mashine kubwa inahitajika, na siku mtoto akigundulika ndipo itakapomfaa.

Lakini mashine kubwa haimtafuti mtoto. Inakaa chumbani na kiyoyozi chake, inangoja aletwe. Anayemtafuta mtoto ni nesi wa kituo cha afya, mwenye foleni ya chanjo, meza moja, mizani na sanduku la baridi. Huyo ndiye anayekutana na kila mtoto wa kisiwa hiki. Huyo mpe taa.

Utasikia: "Nesi si daktari wa macho, atajuaje?" Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti kutoka Kilimanjaro, hapa hapa Tanzania, kwenye kliniki za mama na mtoto. Swali lao lilikuwa hili hili: kumulika macho ya watoto kunawezekana kwenye kliniki za kawaida au la? Wakajaribu vifaa vidogo, kimojawapo kinaitwa Arclight, kilichotokana na Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland. Kinaingia mfukoni, kinachajiwa kwa jua. Jua, mama zangu! Kitu ambacho Zanzibar hatukiagizi kwa meli. Ikaonekana inawezekana. Nesi hatakiwi kutaja jina la ugonjwa. Anatakiwa kusema maneno mawili tu: sawa, au nenda.

Utasikia tena: "Tunangoja muongozo." Muongozo upo. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, kwenye mapendekezo yake ya huduma baada ya kujifungua, lilisema watoto wachanga wote wachunguzwe macho, na pawepo pa kuwapeleka wakikutwa na tatizo. Wote, si wale ambao mama zao wamesoma.

Utasikia: "Bajeti." Taa kama ile haifiki bei ya simu janja ya kawaida pale Mlandege, na inamulika watoto miaka. Kinachokosekana si pesa. Taa ndogo haina utepe wa kukata. Hapana mgeni rasmi atakayekuja kuzindua kitu cha mfukoni. Nasema kwa adabu zote, lakini nasema.

*Sehemu ya 8 kati ya 9*

Hii ngumu. Ni kwa wale ambao wameshaambiwa "nenda," wakarudi nyumbani.

Najua kwa nini mnarudi. Safari ya bara: boti, pahala pa kulala, nani atabaki na watoto wengine, baba yuko kazini au kasafiri. Kisha mnasikia daktari kasema neno "kutoa jicho," na nyumba nzima inasimama. "Mwanetu akatwe jicho? Bora tubaki na Mungu wetu."

Tuongee kama watu wazima. Si kila mtoto hutolewa jicho. Ikiwahiwa, kuna dawa za saratani, kuna leza, kuna kugandisha uvimbe kwa baridi kali, na mara nyingi jicho hubaki. Jicho hutolewa pale ambapo halioni tena au uvimbe umeshalijaa, na hutolewa ili mtoto abaki. Kisha huwekewa la bandia, linalofanana na la pili, anakwenda skuli, anacheza mpira, anaolewa, anaoa.

Tunagombania jicho lisiloona, tunampoteza mtoto anayeona. Kaa na sentensi hiyo kabla hujasema hapana.

Na msidhani mnapelekwa jangwani. Muhimbili watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo, kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha. CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wana madaktari wa macho ya watoto. Hapa kwetu Mnazi Mmoja pana kitengo cha macho, anzia hapo upewe barua.

Kina baba, neno lenu hili. Nyumba nyingi ruhusa ya safari inatoka kwako. "Ngoja nirudi" ni neno fupi, lakini uvimbe haukungoji. Kama uko mbali, toa ruhusa kwa simu, tuma nauli kwa simu. Kama familia inachangia harusi kwa siku tatu, inaweza kuchangia boti kwa siku moja.

Na nyinyi mama wakwe zetu. Nawaheshimu, mmelea kabla sisi hatujazaliwa. Lakini mkweo akikwambia "mama, jicho hili silielewi," usimwambie anatafuta makuu. Chukua mtandio, mfuate.

*Sehemu ya 9 kati ya 9*

Nimesema sana, sasa la kufanya.

Mila yetu mama anakaa ndani siku 40. Wiki ya 6 ni siku ya 42. Yaani unatoka arubaini, siku mbili baadae unakwenda chanjo. Mungu katupangia! Arubaini iwe ya mama, na wiki ya 6 iwe ya macho ya mtoto. Ukifika kliniki, kabla hujafunga kanga ya mgongo kuondoka, uliza: "Bibi nesi, mwanangu kamulikwa macho?"

Akikwambia hawana taa, usigombane naye, naye hana kosa. Mwambie akuandikie kwenye kadi uende penye taa. Kisha umwambie na mkuu wa kituo, na umwambie na diwani wako. Mmoja akiuliza ni kelele. Wakiuliza mama 30 kwa wiki moja, ni hesabu, na hesabu hufika mezani.

Usingoje wiki ya 6 ikiwa umeona lolote katika haya: weupe kwenye mboni, kwa jicho au kwa picha. Makengeza baada ya miezi 3 au 4. Mtoto wa miezi 3 asiyekufuata uso kwa macho. Macho yanayocheza yenyewe. Jicho moja kubwa kuliko jengine. Mtoto anayekimbia mwanga, machozi hayamkauki. Hayo ni ya wiki hii hii, si ya mwezi ujao.

Mtoto wako kazaliwa kabla ya wakati, alikaa kwenye oksijeni? Macho yake yana hatari yake nyengine, na yanatizamwa na daktari wa macho ndani ya wiki chache za mwanzo. Ukiruhusiwa kutoka wodini, uliza tarehe. Usitoke bila tarehe.

Mwanao kashapita umri? Ana miaka 2, 3, 4? Bado anamulikwa. Nenda.

Na wauguzi wenzangu mnaosoma: ukipewa taa, usiifungie kabatini. Ukipewa mafunzo, usirudi na fulana tu. Mama akikwambia "naona kitu kwenye jicho la mwanangu," mwamini mpaka mwanga ukuonyeshe vyengine. Yeye hulitizama jicho lile saa 24, wewe umelitizama dakika moja.

Nimemaliza ugomvi wangu. Mtumie wifi yako, mtumie shoga yako mwenye mimba, mtumie shangazi wa Maskati, mwambie ile pesa ya matone aichange kwenye nauli ya boti. Na andika hapo chini neno moja tu, kamulikwa au hajamulikwa. Nataka tuhesabu.